Maswali Matatu ya Mwalimu Zamani

Darasa la pili walimwita Mwalimu Zamani, na yeye, kwa ile tabia yake ya kujipendelea, aliamini ni jina la heshima. Ukweli ni kwamba hakuweza kumaliza somo bila kulipachika neno hilo. Akifundisha kujumlisha, zamani tulihesabu kwa vijiti. Akikagua kucha, zamani mwalimu alitembea na mkasi mfukoni. Mkewe, muuguzi asiye na muda wa kupoteza, alimwambia bila kumung'unya maneno: "Baba watoto, hao wana miaka minane. Zamani yao ni juzi." Mwalimu alicheka sana, na kesho yake akawasimulia watoto jinsi wanawake wa zamani walivyokuwa hawabishani na waume zao, jambo ambalo halikuwa kweli hata kwa mama yake mzazi.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, upara uliokwisha kukamilika, na miwani yenye mguu mmoja uliofungwa uzi. Shule aliyofundisha ndiyo aliyosoma utotoni, kwa hiyo alijiona nusu mwalimu, nusu makumbusho. Hakuna aliyempa cheo hicho cha pili, lakini alikitumikia kwa bidii kuliko kile cha kwanza.

Muhula ule mwalimu mkuu, mama mpole wa sauti lakini si wa macho, alitaka kila darasa lipimwe kusoma habari za kweli, si hadithi za sungura. Darasa la pili wapewe kifungu kinacholinganisha zamani na sasa. Kumpa mzee wetu kazi hiyo kulikuwa sawa na kumpa mlevi funguo za kilabu. Kifungu cha kitabuni hakutaka hata kukisikia. Akaandika chake, "Shule Yetu Zamani na Sasa," ukurasa mzima na kipande cha wa pili, na alipofika kwenye paa lililovuja machozi yakamlenga mwenyewe. Akatunga maswali kumi na mwongozo wa kusahihishia. Mwalimu wa taaluma alipomwambia kila mtoto anapewa ukurasa mmoja tu, alinuna siku nzima, kisha akafyeka aya ya mwisho na kupeleka karatasi zikadurufiwe.

Upimaji ulifanyika kwenye stoo ya vitabu, mtoto mmoja mmoja. Mtoto asome kwa sauti, ajibu, kisha aweke kidole kwenye mstari wenye jibu. Muhula mzima alikuwa amewaimbisha: jibu liko kwenye karatasi, haliko kichwani. Lakini watoto walikuwa thelathini, stoo ilikuwa na joto, na kufikia swali la nne la mtoto wa kwanza habari ya kidole ilikuwa imemchosha. Akawa anauliza tu, anajibiwa, anaweka alama ya vyema.

Na walijibu hasa. Swali la nane, zamani kengele ya shule ilikuwa nini? "Kipande cha reli, Mwalimu." La tisa, zamani watoto walikalia nini? "Matofali." La kumi, maji yalitoka wapi? "Kisimani." Walijibu kabla hajamaliza kuuliza. Alijisikia kama amekula akashiba.

Wa mwisho alikuwa msichana wa meza ya nyuma. Meza hiyo ilikuwa ya wale ambao bado wanasaidiwa kusoma, na yeye alikuwa ameikalia tangu mwaka uliopita mpaka wenzake wakaanza kuiita meza yake. Mwalimu alimwahidi: ukipata nane kati ya kumi, unahama. Msichana akasoma polepole, kidole chini ya kila neno, midomo imekauka. Maswali saba ya kwanza akayapata yote. Alipoulizwa la kengele, akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Haipo, Mwalimu."

"Tazama vizuri."

Akatazama kutoka juu mpaka chini. "Haipo." La tisa nalo halikuwepo. La kumi halikuwepo. Mwalimu akashusha pumzi kwa huruma, akaandika saba, na pembeni, kwa mwandiko wake mzuri aliojivunia: Anakata tamaa haraka. Abaki meza ya nyuma. Msichana alikuwa anajua kusoma kiasi cha kutosha kuyaona maneno hayo juu chini, na akatoka.

Matokeo yalikuwa bora kuliko ya darasa lolote. Kwenye kikao cha walimu, mwalimu mkuu akamwomba aeleze kwa dakika tano mbinu alizotumia. Alieleza kwa dakika arobaini.

Wiki moja baadaye mama wa yule msichana alifika shuleni. Alikuwa fundi cherehani, na utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni.

"Sijaja kugombana, Mwalimu," alisema. "Mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Naomba tu unionyeshe hayo majibu matatu yako mstari gani, nikamwonyeshe nyumbani. Tumetafuta siku tatu, mimi na yeye na jirani. Na jirani yetu ni karani."

Mwalimu akatabasamu lile tabasamu analowawekea wazazi. Akaipokea karatasi, akarekebisha miwani, akaweka kidole. Akashuka mpaka mstari wa mwisho. Akarudi juu. Akageuza karatasi, upande wa pili ulikuwa mweupe. Kengele haikuwepo. Matofali hayakuwepo, wala kisima. Vyote vitatu vilikuwa kwenye ile aya aliyoifyeka, na maswali yake hakuyagusa kwa sababu aliyaona yamekaa vizuri mno. Wale ishirini na tisa hawakuvitoa kwenye karatasi. Walivitoa kwake, kwenye zamani zake za kila siku. Katika chumba kile aliyesoma alikuwa mtoto mmoja, naye ndiye aliyefelishwa na mtu ambaye hakusoma hata alichokiandika mwenyewe.

"Hayapo, mama," alisema.

"Ndivyo alivyosema mtoto."

Mama hakucheka. Mwalimu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na angeshukuru sana kama angechekwa.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo, kwa sababu alijijua: akilala, asubuhi angeamka na sababu. Mwalimu mkuu akasoma karatasi, akasoma maswali, akamtazama. "Na zile dakika arobaini?" Ikaamuliwa darasa zima lipimwe upya kwa kifungu kingine, lakini kabla ya hapo msichana aitwe, aulizwe tena yale matatu ili "haipo" yake ihesabiwe sahihi, na alama yake irekebishwe akiwa anaona.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu Zamani alifika stoo mapema, akafuta vumbi mezani, akaweka karatasi ileile. Kalamu nyekundu aliiacha, akachukua ya bluu. Alikuwa ameshapanga maneno ya kuomba radhi, mafupi, yasiyo na zamani hata moja.

Msichana akaingia, akakaa, akaficha mikono chini ya meza.

"Zamani kengele ya shule ilikuwa nini?"

"Kipande cha reli." Hakuitazama karatasi.

Mwalimu hakutaka kuendelea, lakini aliendelea.

"Watoto walikalia nini?"

"Matofali. Na maji yalitoka kisimani," akamalizia mwenyewe, haraka, kabla hajaulizwa.

"Nani amekuambia?"

"Wenzangu. Wamenifundisha wakati wa mapumziko, nimeshika yote." Alikuwa anang'aa uso mzima. "Sasa najua kusoma, Mwalimu?"

"Ulikuwa unajua wiki iliyopita," alisema mwalimu. "Mimi ndiye niliyekuharibia."

Msichana alimtazama bila kuelewa, bado anatabasamu, akisubiri alama zake.