Kushoto Hadi kwa Mitume: Mama na Mimi Kwenye Barabara ya Bahari, Australia

Mama aliomba viza ya kuja Marekani, hakuipata. Akaomba tena, hakuipata tena. Ndipo kaka yangu Barasa, ambaye ni muuguzi huko Geelong, Australia, akasema tuache kugonga mlango mmoja. Mama aombe viza ya kwenda kwake, nami nifunge safari nimkute huko. Ile akaipata. Kwa hiyo mimi, ninayeogopa hata kuagiza chakula kwa simu, nilitoka mji ninaoishi, Falls Church, katikati ya Januari kwenda upande wa pili wa dunia. Nilikuwa sijamwona mama yangu kwa miaka sita.

Kwa msionijua, kazi yangu ni kujaribu programu za kompyuta na kutafuta makosa kabla wateja hawajayaona. Nilijifundisha mwenyewe kwa video, nikitoka zamu za kutunza wazee, na nadhani mtu aliyejifundisha mwenyewe haachi kuhofia kwamba kuna somo aliloliruka. Hata kuendesha gari nilijifunza hivyo. Kwanza video, kisha maegesho matupu karibu na uwanja mkubwa wa mpira kule Landover, Jumapili baada ya ibada, rafiki yangu akinitia moyo huku amefumba macho. Sasa ninapita Beltway, barabara kuu yetu ya njia nyingi, kila siku, na kila siku viganja vinatoka jasho.

Ndiyo maana mpango wa Australia ulinifurahisha. Barasa ndiye angeendesha. Mimi ningekaa nyuma na Mama, nikitazama bahari.

Uwanja wa ndege wa Dulles niliuacha ukiwa na theluji iliyosukumwa kando kama takataka. Nilibadilisha ndege Los Angeles, nikalala, nikaamka, nikala, nikalala tena, na bado tulikuwa juu ya maji. Nilipotoka nje ya uwanja wa Melbourne lile joto la kiangazi lilinipiga usoni, nami nikiwa na koti la manyoya mkononi. Mama alikuwa amesimama kando ya Barasa, amevaa kitenge na raba nyeupe mpya. Hakulia. Alinishika mashavu akanigeuza huku na huku kama anachagua parachichi sokoni.

"Umekonda," akasema. Kisha akalia.

Geelong ni mji mtulivu wenye ghuba yake, na nyumba ya Barasa ni ndogo, kwa hiyo nililala kitanda kimoja na Mama wiki nzima. Kwetu Nakuru tulikua tukizungumza Kiswahili nyumbani, kwa kuwa Mama ni Mkamba na marehemu Baba alikuwa Mluhya, na kusikia Kiswahili kile gizani, na mateke yake ya usingizini, kulinirudisha utotoni. Kitu kimoja tu alikuwa amekitaka tangu aliposhuka kwenye ndege: kuona Mitume Kumi na Wawili. Hizi ni nguzo kubwa za mawe zilizosimama baharini, mwisho wa ile barabara ya pwani inayosifiwa dunia nzima. Wamama wa kanisa lake walikuwa wameshaahidiwa picha. Barasa alitenga siku yake ya mapumziko, ambayo ilikuwa siku ya mwisho kabla ya Mama kupanda ndege kurudi nyumbani.

Asubuhi ya siku hiyo simu ya Barasa ililia tukiwa mezani. Alisikiliza, akasema ndiyo mara tatu, akaweka simu chini.

"Wauguzi wawili wa wodini kwetu wameugua. Lazima niende."

"Basi tutakaa nyumbani," Mama akasema haraka, akivua raba moja. "Mawe ni mawe."

Nilimwona anavyovua ile raba. Barasa akanitazama. "Nafu, drive wewe. Gari ina bima, leseni yako inakubalika hapa. Na si ni kushoto tu, kama nyumbani!"

Hapo ndipo watu wa kwetu wanapokosea. Wote hudhani Mkenya akifika Australia amefika nyumbani, maana magari yanapita kushoto. Lakini mimi nyumbani sikuwahi kushika usukani. Udereva wangu wote ni wa Marekani, na mikono yangu haijui dunia nyingine ila ya kulia. Nikajifungia bafuni. Nilikuwa nimetazama video ya barabara ile kutoka mwanzo hadi mwisho, ili nisipitwe na kitu, na sasa kila kona niliyoikumbuka ilikuwa na mwamba upande mmoja na shimo upande wa pili. Nilipotoka, Mama alikuwa amevaa raba yake tena na kushika chupa ya chai.

"Nimesikia maji yakitiririka muda mrefu," akasema. "Ulikuwa unaoga au unaomba?"

"Vyote viwili."

Nje, niliupanga moyo wangu, nikatembea kwa ujasiri hadi mlangoni, na nikagongana na Mama. Tulikuwa tumeshika kitasa kimoja.

"Wewe dereva," akasema, "unataka kuendesha ukiwa mapajani mwangu?"

Kumbe nilikuwa nimeenda mlango wa abiria. Barasa alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Nikazunguka, nikaketi kulia, na Mama akaanza kuombea safari huku injini ikiunguruma. Aliombea matairi, breki, na serikali ya Australia. "Na leo tu, Baba, utubariki tukiwa mkono wa kushoto."

Torquay ndipo barabara inapoanza rasmi, na hadi tunafika hapo nilikuwa nimewasha vipangusa kioo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Swichi ya taa za kukata kona iko mkono usio wa kawaida yangu, kwa hiyo kila nilipotaka kugeuka, vipangusa viliruka kufuta kioo kikavu chini ya jua kali. Mama hakuuliza. Baadaye aliniambia alidhani ni sheria ya nchi.

Halafu bahari ikatokea. Nilikuwa nimeiona kwenye skrini, lakini skrini haina upepo. Tulipita chini ya tao la mbao lililojengwa kuwakumbuka wanajeshi waliorudi kutoka vitani na kuichonga barabara hii kwa sururu na koleo, kisha mlima ukatusogelea na maji yakaja karibu kabisa na gari, ya kijani, kisha buluu, kisha meupe yalipopasuka mwambani. Nilipiga kelele! Mama naye akapiga kelele, akidhani nimeona hatari.

"Nini?"

"Maji, Mama! Tazama maji!"

"Nayaona. Wewe tazama barabara."

Barabara yenyewe ina mishale iliyochorwa chini kuwakumbusha wageni upande wa kupita, na mimi niliisoma yote kama maandiko. Ina pia vituo vidogo ambapo gari la polepole hujiweka kando ili wengine wapite. Nikiona gari moja kwenye kioo cha nyuma, naingia kando. Mama alidhani tunasimama ili yeye aone mandhari. Kila mara alishuka, akajinyoosha, akasalimia watu. Kituo kimoja alipiga picha na waendesha pikipiki wenye ndevu waliomfundisha kuonyesha dole gumba. Muda nilioupanga ulikuwa unayeyuka, na nilitaka kumwambia abaki garini, lakini alikuwa na uso wa mtu aliye sikukuuni.

Lorne ni mji wa mapumziko, wenye mikahawa ikitazama ufuko. Tulikula samaki na chipsi kwenye nyasi, Mama akiwatisha ndege weupe wa baharini kwa Kikamba. Moyo wangu ulikuwa umetulia, na hapo ndipo nilipokosea. Nilitoka kwenye maegesho bila kuwaza, kana kwamba niko Beltway. Mikono ilinipeleka kulia yenyewe. Barabara ilikuwa tupu, nikaendesha kwa raha, mpaka gari jekundu lilipotokea mbele yangu, likija moja kwa moja.

Mzee aliyekuwa akiendesha alisimama. Nami nilisimama. Hakupiga hata honi. Alinyoosha mkono nje ya dirisha na kunionyesha upande wangu, taratibu, kama mtu anayeelekeza ng'ombe. Nikavuka, nikaegesha pembeni, nikazima gari.

"Tunarudi," nikasema. "Nampigia Barasa aje na teksi. Ningekuua, Mama."

Mama alifungua chupa, akamimina chai ya maziwa kwenye kifuniko, akaniwekea mkononi. Akangoja nilie. Kisha akanionyesha kiganja chake cha kushoto. Kilikuwa na mstari mwekundu, mahali alipokuwa ameshika mpini wa mlango.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Naogopa tangu kule kwa vile vipangusa vyako. Lakini kesho ndiyo naiogopa zaidi."

Kesho nami niliiogopa hivyo hivyo, na wiki nzima nilikuwa nimejificha nyuma ya ramani ili nisiiseme. Niliinywa chai yote.

"Umemaliza?" akauliza. "Haya, washa. Na mimi nitakuwa nasema."

Kuanzia hapo hadi Apollo Bay, kila nilipowasha gari, kila mzunguko, kila kona, Mama alitangaza "Kushoto!" kwa sauti ya mwalimu wa gwaride. Aliitangaza hata mahali ambapo hapakuwa na upande mwingine. Karibu na Kennett River tulikuta watu wamekusanyika chini ya mti wakitazama juu, na juu alikuwa koala, mnyama wa huko mwenye manyoya, amelala kwenye tawi, amejikunja kama blanketi lililosahaulika. Mama alimtazama kwa muda. "Huyu ana kazi serikalini," akasema, na nilicheka hadi nikalazimika kungoja kabla ya kuondoka.

Baada ya Apollo Bay barabara inaiacha bahari na kuingia msituni, kwenye miti mirefu mno na mikangaga mikubwa kuliko mtu. Mwanga ulikuwa wa kijani. Tulizima redio, na niligundua kwamba mabega yangu yalikuwa yameshuka kutoka masikioni. Nilikuwa naendesha, naongea, na nasikiliza habari za jirani yetu aliyeuza shamba, vyote kwa pamoja.

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipofika kwa Mitume. Upepo ulikuwa mkali hata kitambaa cha Mama kikang'oka, akakidaka. Tulifika kwenye ukingo tukashikana. Nguzo zilikuwa chini yetu, zimesimama ndani ya povu, rangi ya sukari guru, na mwanga ulizipiga ubavuni zikawaka. Nilisahau kupiga picha! Nilisimama tu mdomo wazi.

Mama alikuwa anahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Nafula. Hawa si kumi na wawili."

Nikajiona kana kwamba nimeuza programu yenye kosa. Nilijua hilo kutoka kwenye video, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Mwanamke mmoja mwenyeji aliyesimama kando yetu aliona kile kidole, akatueleza kwamba tangu mwanzo hazikuwa kumi na mbili, jina ni la kuvutia wageni tu, na bahari inaendelea kuziangusha. Nikamtafsiria Mama, nikamwomba radhi.

"Pole ya nini? Wewe ndiye bahari?" Akarudi kuzitazama. "Yuda kuanguka, sawa, hilo tulitarajia. Lakini hawa wengine nao walifanya nini?"

Nilimtafsiria yule mwanamke, naye akacheka akishika ukuta. Tulibaki pale hadi watu wengi wakaondoka. Mama aliwarekodia wamama wa kanisa ujumbe mrefu wa sauti, upepo ukimeza nusu yake, na nilisikia tu maneno "mwenyewe ndiye ameendesha."

Tulirudi kwa njia ya bara kupitia Colac, barabara iliyonyooka, mashamba ya ng'ombe pande zote. Barasa alikuwa ameonya kuhusu kangaruu jioni, kwa hiyo Mama aliongeza tangazo la pili. Geelong tulifika tumechoka, sauti zimetukauka, na gari halina mkwaruzo.

Kesho ilifika, ilivyo desturi yake. Barasa alichukua ufunguo ili atupeleke uwanjani. Mama akamnyang'anya.

"Wewe umetoka zamu, kaa nyuma ulale. Nitapelekwa na Nafula."

Kwa hiyo nilimwendesha mama yangu hadi ndege yake. Barabara kuu ya kwenda uwanjani ina njia nyingi kama Beltway yetu, malori pande zote, nami niliipita kushoto bila kuambiwa. Kibao cha uwanja kilitokea nikiwa katikati ya sentensi, na njia ya kutokea ikapita dirishani.

"Sis, umepita exit!" Barasa akaruka kwenye kiti cha nyuma.

Siku nyingine yoyote ningelia kwa kosa hilo na kulirudia kichwani mwezi mzima. Mama alikuwa ameweka mkono wake juu ya goti langu, mkono uliolegea, haujashika chochote.

"Mwache," akasema. "Hiyo nyingine iko mbali?"

"Mbali kiasi, Mama."

"Basi ni sawa. Endelea kunipa hadithi."

Nimerudi Falls Church, kwenye theluji. Wengi wenu mna wazazi waliokosa viza ya kuja hapa, na mnangoja. Ninachowaambia ni kwamba tafuteni nchi ya tatu, hata kama hamuijui, hata kama itabidi mkosee mbele yao. Mimi nilikosea karibu kila kitu. Ile njia niliyoipita ilitupa dakika chache zaidi garini, na katika dakika hizo Mama alinieleza jinsi yeye na Baba walivyokutana, habari ambayo sikuwahi kuisikia, na ambayo hakuwa ameimaliza gari liliposimama mbele ya mlango wa wanaosafiri, sote watatu ndani, mkanda wake bado umefungwa.