Beldina Akeyo, Hayupo

"Beldina Akeyo!" Mwalimu Jacinta aliita.

Wanawake kumi na wawili walikuwa wamejibana kwenye darasa la watu wazima kanisani Nyamasaria. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikishwa kwa mtihani, na atakayekatwa jina angoje mwaka mzima. Mmoja wao, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye, aligeuka nyuma kumtafuta huyo mzembe asiyeitika.

"Beldina Akeyo! Hayupo? Basi namkata."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi muuza omena alipogutuka. Mungu wangu! Beldina si ni yeye!

Msimcheke. Kwa miaka kumi na sita, nani alimwita hivyo? Alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la sita, baba yake alipopokea ng'ombe watano kutoka kwa Dalmas, mwanamume mzima na ndevu zake, ambaye mke wa kwanza alishamkimbia. Alipoingia boma lile tu akawa Nyar Sondu, msichana wa kutoka Sondu, kana kwamba Sondu nzima ina msichana mmoja. Mwaka uliofuata alilia uchungu wa kuzaa siku tatu, nyonga zenyewe za kitoto, nusura afe. Akamzaa Griffins, akawa Min Griffins. Mama Griffins, teka maji. Mama Griffins, uji uko wapi? Watu wazima wale, waenda kanisani wa kila Jumapili, walimnyang'anya mtoto utoto wake, halafu wakaketi kula ugali wa sherehe na kushukuru. Aibu yao! Hata jina hawakumwachia.

"Niko, mwalimu!" Alisimama, benchi likaanguka. "Niko! Usinikate!"

"Si wewe ni Mama Griffins?"

"Huyo nimemwacha nyumbani. Hapa amekuja Beldina."

Jacinta alitabasamu, akaliacha jina, akavuta fomu.

"Haya, Beldina. Uliacha shule darasa la ngapi?"

"La sita."

"Sababu?" Mwalimu hakungoja jibu. Aliandika neno moja.

Beldina aliinama, akalisoma polepole. Ndoa. Aliweka kidole juu ya neno hilo.

"Futa hiyo, mwalimu."

"Kwani hukuolewa?"

"Mimi sikuacha shule. Nilitolewa. Andika hivyo."