Ryokyokutan

Nikifungua friza, harufu ya barafu na katoni hunirudisha sebuleni kwetu, Fort Worth. Papa alikuwa ametoka kazini kwenye ghala la nyama ya kugandishwa, koti zito mwilini katikati ya joto la Julai. Mama alikuwa ametoka kufua mashuka hotelini, shingo imelowa jasho. Papa akazima kiyoyozi.

"Mjapani wa kazini anasema mimi na mama yako ni ryokyokutan," akaniambia akicheka. "Watu wa ncha mbili, mmoja huku kabisa, mwingine kule kabisa."

"Na mimi, papa?"

"Neno lile ni la wawili tu."

Mama hakucheka. Akawasha tena kiyoyozi. Nilikaa kati yao kwenye kochi, bega moja baridi, jingine moto, nisijue niegemee wapi.