Neno Hili Halipo

Katika komine ya Kenya, yaani mtaa huu wa Lubumbashi wenye soko na vumbi jekundu, siyo ile nchi ya watu wanaokimbia mbio ndefu, alikuwepo msusi mmoja jina lake Chileshe. Watu walimwita Mama Daniella kwa ajili ya binti yake. Mikono yake ilikuwa ya ajabu. Wanasema aliwahi kumsuka bibi harusi mistari iliyokaza hivi kwamba yule dada akashindwa kufumba macho mpaka fungate ikaisha, na bwana harusi akadhani anapendwa sana kwa vile anatazamwa mchana na usiku. Anayebisha akamuulize bwana harusi mwenyewe. Bado anajisifu.

Wateja wa Chileshe walitoka kila upande. Wengine walileta vichwa kutoka Ndola, wengine walikuwa wanaenda Kolwezi, wengine walirudi na nguo kutoka Dar. Mteja hukaa chini na kuweka kichwa katikati ya magoti ya msusi, kwa hiyo njia zote za dunia zilipita katikati ya magoti ya Chileshe. Yeye mwenyewe hakuwa amekwenda popote. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Kambove, kwa wazazi wake, na huko unafika kabla bukari, ule ugali uliokula asubuhi, haijashuka. Mpaka wa Kasumbalesa, mlango wa kwenda Ndola, ambao hata kuku wa watu huuvuka ndani ya vikapu, Chileshe hakuwahi kuuona.

Basi ndiyo maana aliposikia habari ya Mbeya alichomeka kitana mahali pasipo nywele, na mteja akapiga kelele.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kule Karavia kulikuwa na terasi ya mzee mmoja, Papa Mardochée, mahali pa kunywa sukre, soda baridi, siku ya Mungu. Hapo walikutana watu wa mchezo wa vibao: kila kibao kina herufi moja, unavuta saba kutoka mfukoni, unapanga neno juu ya ubao, mwenzako anapanga lake likigusa la kwako. Wengi mjini hucheza kwa Kifaransa. Hawa wa Papa Mardochée walicheza kwa Kiswahili, na sasa walikuwa wameitwa Mbeya, Tanzania, kwenye mkutano wa wachezaji kama wao. Klabu iliweza kumpeleka mtu mmoja. Mmoja tu.

Chileshe alikuwa mchezaji mzuri wa terasi, yaani alishinda alipocheka na kushindwa alipochoka. Mteja wake Tracy, msichana wa kucha ndefu aliyekuwa naye klabuni, akamwambia ukweli huku akisukwa.

"Yaya, dada yangu, kule Mbeya hakimu ni mashini. Inajua Kiswahili ya kwabo, haijue ya kwetu. Ukiisha kuandika ya hapa, wanakutoa."

"Ya kwabo ni gani?"

"Leta telefone."

Tracy akamtilia ndani ya simu programu ya mazoezi iliyotengenezwa na vijana wa pwani. Kazi yake ilikuwa moja: kumfundisha mtu kushinda. Ndani yake alikaa mwanamke asiyeonekana, mwenye sauti safi kama ya mtu aliyelala vizuri maisha yake yote. Alikuwa anasoma herufi saba, anakupa muda mfupi kama wa kupiga chafya, kisha anadai neno. Ukilipata, kengele inalia. Ukilikosa, anakutajia, na halafu analiweka mahali. Kosa la Jumatatu linakurudia Jumatano, likikushinda tena linarudi Alhamisi, na likikushinda hapo utaliona kila asubuhi kabla ya chai, kama shemeji mwenye shida.

Chileshe aliona inamfaa, kwa kuwa macho na mikono vilibaki kichwani pa mteja na masikio yalikuwa hayana kazi. Akaiegemeza simu kwenye kopo la mafuta ya nywele.

"A, G, I, L, M, N, O," akasema mwanamke wa simu.

"Mulango!" akapiga kelele mteja kutoka magotini.

"U haiko, mama."

"Basi tia yako."

"Haikubali. Ni milango. Milango yote saba!" Kengele ikalia. Mteja akanuna, akasema hata hivyo mulango wake ulikuwa muzuri kuliko ile ya simu.

Lakini siku ile ile mambo yakaharibika. Chileshe alipata herufi nzuri, akasema *muntu*, akangoja kengele.

"Neno hili halipo," akasema mwanamke wa simu, bila hasira.

"Haiko namna gani?" Chileshe akaacha kusuka. "Muntu haiko? Na huyu ninamusuka ni nani, mbuzi?"

"Uliza vizuri," akasema mteja, "mbuzi inalipa kesho."

Akasema *mutoto*. Halipo. Akasema *batu*, *muzuri*, *bintu*. Halipo, halipo, halipo. Kwa mwanamke yule, nusu ya Lubumbashi ilikuwa haijazaliwa, na ile nusu iliyozaliwa ilikuwa imeandikwa vibaya. Chileshe akaigeuza simu kifudifudi, akaifunika na kitambaa kama maiti. Baadaye akakumbuka Mbeya. Akaifunua.

Tangu hapo alijifunza kama mtu anayejifunza kutembea na kiatu kidogo. Mu- akaifanya m-, ba- akaifanya wa-, bi- akaifanya vi-. Programu ikaona anapokosa, ikamzidishia hapo hapo. Kulikuwa na sehemu inayoonyesha makosa yako yote kwa rangi, na yake mwanzoni ilikuwa nyekundu kama barabara ya Kasenga wakati wa kiangazi. Polepole ikaanza kuota majani. Inasemekana alisuka mistari ya mteja mmoja kufuata herufi, na mama yule akatembea mjini mwezi mzima na neno *mshangao* kisogoni bila kujua, mpaka mwalimu wa watu akamsoma kanisani.

Ubaya ni kwamba lugha ya simu ilimtoka mdomoni hata pasipo mchezo. Sokoni aliomba "vitunguu vizuri, tafadhali," muuzaji akamwita Mutanzania na kumuuliza kwabo kunaendaje. Daniella akamwambia, "Mama, kama unanigombeza, gombeza na Kiswahili ya hapa, nisikie uchungu."

Ikapita michujo ya klabu. Wengine walianguka, Tracy akaanguka huku anaangalia kucha zake, na mwisho wakabaki wawili: Chileshe na Guelor.

Guelor alikuwa deklaranti, mtu anayepitisha mizigo ya wengine forodhani. Aliivuka Kasumbalesa kila siku, wakati mwingine mara nyingi kwa kusahau tu kalamu upande wa pili. Mbeya kwake haikuwa safari, ilikuwa sifa. Alizungumza Kiswahili cha madereva wote, wa Mombasa, wa Tunduma, wa Bukavu, na watu wanasema alipokuwa anapiga miayo, miayo yenyewe ilitoka na lafudhi. Hakuwa na programu yoyote. "Miye madereva njo telefone yangu," alisema.

Siku ya fainali terasi ilijaa. Papa Mardochée alishika tableti yenye programu ile ile, iwe hakimu kama itakavyokuwa Mbeya. Akatangaza sheria kwa sauti ya kanisa: mwenye shaka na neno la mwenzake apige meza; tableti ikisema halipo, neno linaondolewa; ikisema lipo, aliyepiga meza anakosa zamu.

Wakacheza. Guelor aliona mapema kwamba Chileshe hakosei. Kila alichopanga kilikuwa cha pwani, kimenyooka, kimepigwa pasi. Kumshinda kwa maneno kungekuwa kazi. Akaamua kumshinda kwa mdomo: amrudishe nyumbani.

"Mama Daniella," akaanza, mpole kama padri, "leo mulipika nini kwenu?"

"Bukari," akasema Chileshe, macho ubaoni.

"Na bitoyo?"

"Na bitoyo."

"Ah! Bitoyo, samaki ya chumvi, na nyanya mingi. Batoto banakula muzuri?"

"Banakula."

Tracy akakohoa kwa nguvu. Chileshe hakumsikia. Guelor alikuwa na pointi chache mbele, mfuko wa vibao ulikuwa umeshaisha, na Chileshe mikononi alikuwa na B, A, Z, A, I na takataka mbili. Ubaoni, pembeni, neno moja lilianza na Z, yenye nafasi tupu juu na chini yake.

"Na kule Kambove?" Guelor akaendelea. "Mama yako, magulu ingali inamuuma? Na tata, anatembea? Juu beko bazee sasa, beko na lazima ya kuona batoto yabo."

Chileshe akamwona mama yake akikanda magoti mlangoni. Akamwona baba yake akitafuta kofia iliyo kichwani. Mkono wake ukaenda wenyewe, jinsi unavyoenda kwenye nywele bila kuulizwa. B, A, Z, A, ile Z ya ubaoni, I.

BAZAZI.

Akauona. Kila mtu akauona. Wazazi, kwa Kiswahili cha simu, ni wazazi, na hilo hata mteja anayelala chini ya kitana analijua. Chileshe akahisi Mbeya inatoka miguuni mwake kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Lakini kibao kikigusa ubao hakirudi.

Guelor alipiga meza, chupa zikaruka. Wanasema moja haijashuka mpaka leo.

"Bazazi! Mama, bazazi ni hapa Lubumbashi! Kule ni wazazi! Wa! Wa! Papa Mardochée, uliza mashini yako!"

Papa Mardochée akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja. Mwanamke wa ndani ya tableti akavuta pumzi yake ya kulala vizuri.

"Neno hili lipo. Bazazi: mfanyabiashara mlaghai."

Kisha dereva mmoja aliyekuja kumshangilia Guelor akamtazama Guelor, deklaranti wa Kasumbalesa, tangu viatu mpaka kofia, kana kwamba sasa ndiyo anasoma maandishi juu ya boksi.

"Kumbe iko na jina," akasema.

Hapo kicheko kikaanguka. Kilisikika hadi mjini, na inasemekana kwenye posta watu walitazama juu wakidhani mvua. Guelor akakosa zamu. Chileshe akapanga neno dogo la vibao viwili vya mwisho, akamaliza. Alishinda kwa pointi chache sana, lakini safari haipimwi kwa ukubwa wa pointi. Papa Mardochée akampa mkono. Tracy akalia, kisha akaangalia kama kope zake za bandia zimebaki.

Chileshe hakusema kwamba alikosea. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujibu asiyeulizwa.

Wiki zilizofuata Guelor aliteseka. Madereva walimwita Bazazi kwa upendo, jambo linalouma kuliko tusi. Mwanamke wa sambusa pale mpakani alimuuliza, "Bazazi, unakula ao unapitisha?" Alikula, lakini bila raha.

Kwa hiyo siku Chileshe aliposhuka Kasumbalesa na mfuko wake, Guelor alikuwa amesimama njiani anamngoja. Malori yalikuwa yamepangana nyuma mpaka macho yanachoka, na watu walisukumana mbele ya dirisha la pasipoti.

"Mama Daniella. Sema kweli ya Mungu. Ulijua ile neno?"

Chileshe akaweka mfuko chini. Sasa alikuwa ameulizwa.

"Guelor, miye nilikuwa natafuta bazazi yangu. Nikakuta weye."

"Donc, basi haukujua!"

"Sikujua."

"Donc ulikosea!"

"Nilikosea sana."

"Donc mimi njo nilikufundisha! Miye njo nilikuuliza habari ya tata na mama!"

"Asante, baba."

Guelor alikasirika hata akauchukua ule mfuko kichwani mwake mwenyewe ili mikono ipate nafasi ya kugombana. Akapenya foleni akipiga kelele, "Acha mama apite, anaenda kuwakilisha!" huku akimgeukia Chileshe kueleza kwamba ushindi wa kukosea siyo ushindi. Chileshe akajibu kwamba mtoto wa bahati mbaya pia anapewa jina. Ofisa akauliza, "Unatoka wapi?" Chileshe akasema, "Kenya." Ofisa akatazama pasipoti ya Kongo, akatazama mtu, akafungua kinywa kuita mkubwa wake. Guelor akamkata: "Kenya ya hapa, chef, ya Lubumbashi, gonga muhuri!" Muhuri ukagongwa. Wakapita geti moja, wakapita la pili, wakiwa bado wanagombana, hata Chileshe akashtuka kuona mwanamke mmoja anauza mahindi kwa Kibemba na magari yanakwenda upande mwingine wa barabara.

"Guelor. Mpaka iko wapi?"

"Tuliishaka kuipita, mama. Zamani. Pale nyuma."

"Pale wapi? Sikuiona."

"Pale kwenye ile kizuizi. Twende, basi yako inajaa."

Chileshe akageuka. Guelor akamwita, akamwita tena, mfuko ukimyumbia kichwani. Chileshe akarudi mpaka ng'ambo ya kizuizi, nyuma ya mstari uliochorwa barabarani, akasimama. Askari akamtazama.

"Umesahau kitu, mama?"

"Ndiyo," Chileshe akasema. "Nimesahau kuvuka."

Akapanga miguu yake pamoja, akauangalia ule mstari vizuri, huku lori likimpigia honi nyuma na dereva akitukana kwa Kiswahili cha Mombasa, na akavuka.