Majivu Kwenye Mteremko

Wewe unayelisifu lile jiwe la nyuma ya ukumbi mkuu, lenye majoka yaliyochongwa yakicheza mawinguni, umewahi kuuliza lilipita juu ya nani?

Wanaoandika historia ya ikulu ya Beijing huandika kwamba moto uliteketeza kumbi, mfalme akaamuru zijengwe upya, zikajengwa. Basi. Utadhani ziliota zenyewe kama uyoga. Qiao Mantun, mchimba visima wa Fangshan, hawamwandiki.

Mawe ya ikulu yalichimbwa kwao, na lile kubwa hakuna gurudumu lililoweza kulibeba. Ikangojewa baridi. Visima vikachimbwa kando ya barabara yote, maji yakamwagwa, njia ikawa barafu tupu. Jiwe likalazwa juu ya magogo mawili marefu, likaburutwa kwa kamba na watu waliokusanywa vijijini, wapende wasipende. Mantun alitangulia na ndoo, akimwaga maji kidogo kidogo ili magogo yateleze. Mdogo wake, Erhe, alitembea ubavuni, upande wa kushoto, ameshika kabari ya kutupa chini ya gogo mzigo ukianza kukimbia.

Ulibaki mteremko mmoja tu. Chini yake, darajani, watu wa wilaya nyingine wangepokea kamba na hawa wangerudi makwao. Mantun hakuwa na haja nyingine duniani: Erhe afike pale darajani mzima, amrudishe kwa mama yao.

"Mteremko hatuumwagii maji, Bwana," alimwambia Msimamizi Pang. "Tunatia majivu, mzigo ushuke polepole."

"Na hilo jua hulioni?" Pang alijikunyata ndani ya koti lake la manyoya. "Barafu ikilainika jiwe likazama, mgongo utakaochapwa ni wangu. Mwaga maji, juu mpaka chini."

"Kabari haishiki penye maji, Bwana."

"Basi washike wao."

Erhe alikuwa akitafuna mkate wa mvuke uliokwisha kuwa mgumu kwa baridi. "Mwaga tu, Kaka. Mimi nateleza kwenye barafu tangu sijaota meno."

"Na ulipoyaota ukaanguka ukayang'oa."

"Yakaota mengine. Ole wako wewe uliyebaki na mapengo."

Wavuta kamba wakacheka. Mantun naye akacheka, akamwaga maji. Lakini macho yake yalikuwa yameziona soli za viatu vya Erhe, zimelika zikawa laini kama ulimi. Pang alipogeuka kunywa chai, Mantun alichota majivu kwenye moto wa uji, akayanyunyiza ukingoni kushoto, upana wa mkeka. Alipima kwa macho: gogo litapita hapa, mdogo wangu atakanyaga pale. Upepo mdogo ulikuwa ukivuma kuelekea katikati ya njia. Hakuutilia maanani.

Mzigo ulianza kushuka vizuri. Kisha gogo la kushoto likafika pale upepo uliposogeza majivu, likashika. La kulia lilikuwa juu ya maji, likaendelea. Jiwe likageuza kichwa kuja kushoto.

Wenzake Erhe wa kabari, waliokuwa juu ya maji, waliteleza, wakaanguka, wakabingirika hadi mtaroni, wakapona. Erhe hakuteleza. Alikuwa amesimama imara juu ya majivu, akatupa kabari kama alivyofundishwa, na jiwe likamkuta amesimama.

"Nani katia majivu hapa?" Pang aliuliza baadaye.

"Ni ya moto wa uji, Bwana," mvuta kamba mmoja akajibu. "Yamepeperuka."

Nawajua watakaosema Mantun ndiye aliyemuua mdogo wake. Waseme. Lakini ni utawala gani huu, ambao mtu analazimika kuiba majivu ili ndugu yake apate pa kukanyaga?

Ardhi ilikuwa ngumu mno kuchimbika kaburi. Walimviringisha Erhe kwenye mkeka, wakamlaza kando ya njia, wakamwekea mawe madogo juu.

Kesho yake asubuhi Mantun alirudi mteremkoni na ndoo yake. Aliwakuta vibarua wawili wakilisugua jiwe kwenye pembe kwa kitambaa cha pamba na maji ya moto, taratibu, kama wanaomwogesha mtoto mchanga. Damu ilipotoka yote, Pang alivaa kofia yake ya cheo, akawasha ubani, akapiga magoti, akagonga paji la uso kwenye barafu. Kwa sauti iliyowafikia watu wote aliliomba jiwe msamaha kwa kuchafuliwa, akalisihi lisiingie ikulu na kinyongo.

"Wote magoti," akasema.

Wakapiga magoti njia nzima. Mantun aliiweka ndoo chini, akapiga magoti pamoja nao, akaliomba jiwe msamaha.