Chenga Katika Oili ya Bwana Liberatus

Ambrosi Kalinga alikuwa hapendi mtu aseme "nadhani" mbele ya injini. Injini inafunguliwa, inaangaliwa, basi. Ufundi wake aliupata jeshini, katika Keya, jeshi la Waingereza, walipompeleka Bama kule Asia kutengeneza malori kwenye matope yasiyokwisha. Aliporudi Iringa vita vilipokwisha, alijenga banda la mabati nyuma ya nyumba yake pale Mlandege, akatia meza nzito ya mbao, akafunga jiliwa la kubania vyuma kwenye kona ya meza, na watu wakaanza kumletea baiskeli, cherehani, mashine za kusaga, na kila chenye nati.

Mwaka wa hamsini na tano, mwezi wa Mei, Bwana Liberatus alimletea pikipiki yake abadilishiwe oili. Liberatus alikuwa mganga msaidizi, mtu mrefu wa kaptula ya kaki, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kuchoma watu sindano na kuangalia vidonda, leo Kilolo milimani, wiki ijayo Idodi kule bondeni kwenye joto. Alikuwa amehamishwa kutoka Mbeya miezi miwili tu nyuma, na kabla ya kuhama alikuwa ameifungua injini yote kwa fundi wa huko, Yotamu.

Yotamu huyo Ambrosi alimjua vizuri. Walilala hema moja Bama. Walifundishwa na sajini mmoja, wakatukanwa na sajini huyohuyo.

Ambrosi alichuchumaa, akalisukuma karai lake jeusi chini ya injini, akafungua nati. Oili ikashuka nyeusi, ya moto. Ilipokwisha kuchuruzika alilivuta karai mpaka juani, akatia kidole chini na kukisugua kwa kidole gumba, kama alivyozoea. Kidole kikakwaruza. Akakitazama. Kulikuwa na chenga ndogo ndogo zinametameta, nyingine nyeupe, nyingine za njano.

"Bwana Mganga," alisema, "njoo uone mwenyewe."

Liberatus akainama. "Si mchanga? Barabara ya Idodi ina vumbi jingi."

"Mchanga haushikwi na sumaku." Ambrosi akachukua kipande cha sumaku alichokitoa kwenye redio mbovu, akakipitisha ndani ya oili. Chenga nyeupe zikaganda juu yake kama manyoya. Za njano zikabaki pale pale. "Hizi zilizoshikwa ni chuma. Hizi nyingine ni shaba. Na shaba kwenye injini hii ni ya bushi, ile pete ambamo shafti huzunguka. Bushi aliibadilisha nani?"

"Fundi Yotamu."

"Basi inajisaga. Ukienda nayo Kilolo, injini itakufia mlimani, na mkono wa pistoni utatokea ubavuni. Hutoki nayo hapa."

Liberatus alisimama kidogo, akaangalia vilima, akashusha mfuko wake wa dawa kutoka kwenye kerieli, akautia begani. Aliondoka kwa miguu.

Ambrosi alibaki na hasira. Kilichomuuma si injini. Kilichomuuma ni kwamba Yotamu alijua. Walifundishwa pamoja jinsi ya kukata bushi, jinsi ya kuipima kwa mkono mpaka izunguke bila kucheza. Jioni ile ile aliandika barua. Aliandika kwamba hakutegemea, kwamba kama mtu ana haraka aache ufundi akauze vitunguu, kwamba mganga wa watu anatembea kwa miguu kwa sababu ya kazi ya kulipua. Na kama barua haikutosha, Jumapili baada ya misa alilieleza jambo hilo nje ya kanisa, kwa sauti, mbele ya watu wengi. Mmoja wao alikuwa dereva wa lori la viazi aendaye Mbeya kila wiki.

Kisha akaifungua injini. Ilimchukua siku kumi, kwa sababu kazi nyingine hazikungoja. Alitoa silinda, akatoa pistoni, akaifikia bushi. Akaitazama. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaitazama tena. Ilikuwa laini kama jicho la mbuzi. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Akapima beringi, akapima shafti, akahesabu meno ya gia moja moja. Kila kitu kilikuwa kizima.

"Haiwezekani," alisema.

"Nini?" aliuliza mkewe, Verediana, aliyekuwa akipita na kuni.

"Haina ugonjwa."

"Si ndiyo vizuri?"

"Mama Paskalina, nenda kapike."

Verediana alienda, lakini si kabla ya kumtazama kwa namna fulani.

Ambrosi akaosha kila kipande kwa mafuta ya taa, akakata gasketi mpya kwenye karatasi ngumu, akafunga, akatia oili mpya. Siku tatu aliiendesha mwenyewe, anashuka Ipogoro na kupanda, anashuka na kupanda, mpaka watu wakadhani ameinunua. Injini ilikuwa inaimba. Siku ya nne akalisukuma karai chini yake, akamwaga ile oili mpya, akatia kidole.

Chenga. Nyeupe na njano, kama zilivyokuwa.

Spana aliyokuwa nayo mkononi iliruka ikapiga bati la paa kwa kishindo, kuku wakatawanyika uani, na mtoto Paskalina, aliyekuwa amelala ndani, akaamka analia. Verediana akatoka.

"Sasa unapigana na nyumba?"

Ambrosi alikaa juu ya debe, mikono myeusi magotini. Na ndipo alipofika Liberatus, wiki ya nne hiyo, ameazima baiskeli ambayo tairi la nyuma lilikuwa limefungwa kwa kamba. Soli ya kiatu kimoja ilikuwa imeachama.

"Fundi. Bado?"

"Bado, Bwana Mganga."

"Nini bado? Juzi ulisema imepona."

"Imepona. Lakini inatoa chenga."

"Ambrosi," alisema Liberatus, na hakuwa amewahi kumwita kwa jina, "mimi nimetoka Kilolo kwa miguu mara mbili. Kuna mama mmoja kule nilimwahidi nitarudi Jumatatu, nikafika Alhamisi. Mguu wake ulikuwa umeharibika zaidi. Sasa niambie, imepona au haijapona?"

Ambrosi alitazama soli ile iliyoachama.

Jumamosi iliyofuata, basi la Relwe, la shirika la reli, kutoka Mbeya lilipofika, alishuka mtu mfupi mwenye koti la suti lililojaa vumbi jekundu toka kola mpaka pindo, amebeba sanduku la mbao la vyombo. Alikuja moja kwa moja Mlandege. Verediana alimkuta amesimama uani.

"Kamwene," alimkaribisha kwa Kihehe.

"Kamwene, mama. Yuko wapi?"

Ambrosi akatoka bandani. Walitazamana. Hawakupeana mikono.

"Barua yako nimeipata," alisema Yotamu. "Na maneno ya yule dereva wako wa viazi nimeyapata pia, yamefika sokoni kabla yangu. Watu wawili wameshaondoa magari yao kwangu. Mzee Saulo mwenye mashine ya kusaga ananipita njiani hanisalimu. Nionyeshe hiyo bushi."

"Chakula kiko tayari," alisema Verediana.

"Ahsante, mama. Sili mpaka nimeiona."

"Bushi ni nzima," alisema Ambrosi.

Yotamu akaweka sanduku chini, polepole. "Unasemaje?"

"Niliifungua. Ni nzima. Lakini chenga zinatoka, nimeziona mara mbili. Nashindwa kuelewa, Yotamu, ndiyo kweli. Nashindwa."

"Uliona bushi nzima, na hukuandika barua ya pili?"

Hapo Ambrosi alitazama pembeni.

Yotamu alivua koti, akakunja mikono ya shati. Alitaka oili mpya itiwe, ikatiwa. Akaipanda pikipiki mwenyewe, akaenda nayo njia ya Tosamaganga, akakawia mpaka ugali ukapoa na Verediana akauweka tena motoni huku akinung'unika. Aliporudi aliichuchumalia.

"Nipe chombo."

Ambrosi akamsogezea karai.

"Hili? Hili ndilo unalomwagia?" Yotamu alilipindua kidogo. Chini kulikuwa na uji mzito mweusi, unene wa kidole. "Sitaki hili. Nataka chombo safi, cheupe. Mama! Una beseni jeupe?"

"Nina beseni la kumwogeshea mtoto," alijibu Verediana kutoka jikoni, "na halitoki humu ndani."

Ilibidi Ambrosi aende akalitake mwenyewe. Alirudi nalo baada ya muda, masikio yamemwiva. Yotamu akafungua nati. Oili ikashuka ndani ya ule weupe, na wote watatu, maana Verediana alilifuata beseni lake, wakainama. Yotamu akaipitisha sumaku, akaitoa. Tupu. Akatia kidole, akasugua, akamshika Ambrosi mkono na kukitia kidole chake pia. Ilikuwa laini tupu.

Kisha Yotamu akachukua oili safi kutoka kwenye kopo, akaimimina kwenye karai jeusi lisilo na kitu ila ule uji wake, akaukoroga kwa kijiti. Akaliinua kuelekea jua. Lilikuwa linametameta kama mbingu ya usiku.

"Hili karai huliweka wapi?" aliuliza.

Ambrosi akakumbuka. Mvua za Machi zilipotoboa bati, alilihamisha karai kutoka pembeni akalisukuma chini ya meza, pale kwenye kona kavu. Juu ya kona hiyo palikuwa na jiliwa. Mwezi mzima wa Aprili alikuwa amesimama pale na tupa, anakata bushi za shaba za mashine za kusaga, anachonga funguo, anasawazisha majembe. Kila alichokipiga tupa kilidondoka humo, kikanasa kwenye uji wa oili kuukuu, kikangoja.

Verediana aliangalia karai, akaangalia beseni la mwanawe lililojaa oili, akaangalia mumewe. "Wiki tano," alisema, akaingia ndani.

Ambrosi alitamani kumtafuta mtu wa kumkasirikia. Alizunguka uani mara mbili. Hakumpata ila yeye mwenyewe, akarudi.

"Nisamehe, Yotamu."

"Umenitukana nje ya kanisa. Utaniomba msamaha hapa, penye kuku?"

Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, Ambrosi alisimama palepale, akasema kwa sauti ileile kwamba kosa lilikuwa la karai lake. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Siku ile ndipo walipomwita Bwana Chenga, na wengine hawakumwita tena kwa jina jingine. Liberatus hakucheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda Mlandege, akaiwasha pikipiki yake, akaondoka bila kuaga. Jumatatu asubuhi alionekana akipanda njia ya Kilolo kwa mwendo wa kasi.

Na Jumanne Ambrosi alipanda basi pamoja na Yotamu kwenda Mbeya. Safari ilichukua siku nzima. Kesho yake alikwenda kwa wale watu wawili walioondoa magari, na mmoja alikubali kurudi. Wa pili alisema atafikiria. Mzee Saulo alimpokea akiwa mweupe kwa unga kichwani, akamsikiliza, akafuta mikono.

"Wewe ndiye uliyesema Yotamu ni fundi mbovu," alisema. "Leo wewe huyohuyo unasema ni mzuri. Mimi nikuamini siku ipi?"

"Amini bushi, mzee. Mimi usiniamini."

Mzee Saulo akaguna. Hakusema ndiyo, lakini wiki hiyo alimsalimu Yotamu njiani.

Ambrosi alikaa Mbeya siku sita. Siku ya nne lililetwa lori lenye gia zinazolia, Yotamu akamwambia avue shati wasaidiane. Kabla ya saa sita walikuwa wakigombana vikali kuhusu nati ipi ikazwe kwanza, kila mmoja akiapa kwamba sajini alisema hivi na si vile, na mke wa Yotamu, Atuganile, akatoka mlangoni na mwiko mkononi kuwauliza kama wanataka kula au wanataka kuuana.

Walitaka kula.