Kina Kimepungua

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi Mkuu alinikabidhi utepe wa kupimia, ule unaopiga mlio ncha yake ikigusa maji. Akaniambia, "Kina ni kutoka mdomo wa kisima mpaka maji yanapoanza. Ukikosea hapo, binti, rudi kwenu." Sikukosea, jamani. Kuanzia Mbagala hadi Kinyerezi, kina kikipungua nilijua maji yamepanda, yamekaribia mdomo.

Usiku mmoja likapita tetemeko dogo, vyombo viligongana kabatini, basi. Lakini ardhi ikitikisika, mchanga uliolowa hujibana ukasukuma maji juu, au nyufa hufunguka yakashuka. Kwa hiyo asubuhi yake Mkuu wa Kanda alitutawanya tukapime. Mie nikaangukia Kiwalani, kwa Mama Rehema, ambaye kisima chake kilitegemewa na nusu ya mtaa. Utepe ukalia mapema mno.

"Vipi, dada?" akaniuliza.

"Kina kimepungua mita nzima," nikamjibu huku naandika, nikakimbilia kisima kingine.

Kesho yake nilimpigia simu kumwambia maji yale yasinywewe kwanza.

"Tope tumeliona," akasema. "Ila usihofu. Kwa vile maji yamepungua, Baba Rehema kayavuta yote kwa pampu. Yumo ndani anachimba."

Yallah! Kumbe yeye akisikia kina, anasikia wingi wa maji. Na kuta zile zimetoka kutikiswa, nyuma yake maji yanasukuma!

"Mtoeni! Mtoeni sasa hivi!"

Nilipanda bodaboda, njia nzima namwomba Mungu. Nilikuta kuta zimeshaporomoka, Baba Rehema akiwa nusu ya kamba wakimvuta juu. Walimtoa hai, mguu wa kulia umesagika.

Mkuu wa Kanda alipitia daftari langu. "Vipimo vyako safi kabisa," akasema. Nikalichukua, nikatoka.

Sasa nimestaafu. Nyie vijana mnaopima, mkiwa na watu semeni maji yamepanda, au yameshuka. Kina kiachieni daftari.

Idi iliyopita nilialikwa kwao. Baba Rehema, na mkongojo wake, alinishukuru tena kwa kumwokoa. Mkewe akanivuta pembeni, machozi yanamtoka.

"Nisamehe, dada yangu. Mie ndiye niliyesikia vibaya, nikamponza mume wangu."

Alikuwa amenisikia vizuri, neno kwa neno. Nikamwambia yameshapita, nikala pilau yake, nikaaga.